Wasomaji Wanauliza: Kitanda Chenye Stoo na Chumba Kidogo

*Nina kitanda cha kufunua chenye stoo chini ya godoro, futi 5 kwa 6, na shokapu mbili za gesi za kukinyanyua. Mwezi uliopita nilitoa godoro la sponji nikaweka la springi. Sasa nikifunua kinapanda hadi katikati, halafu kinaanza kushuka chenyewe. Fundi wa mtaani ananiambia nizipake grisi shokapu. Ni sawa?*
Mama wa watoto watatu, Mbagala, Dar es Salaam

Hapana, mama, usipake grisi. Na kuanzia leo usiingize kichwa wala kifua chini ya kitanda hicho mpaka kirekebishwe. Jambo hili si dogo. Juni 2024, katika jimbo la Durham huko Uingereza, mwanamke mmoja alifariki baada ya shokapu ya kitanda cha aina hiyohiyo kushindwa kazi na fremu kumwangukia shingoni. Ofisa anayechunguza vifo aliandika onyo rasmi kuhusu vitanda hivyo. Fremu ya mbao pamoja na godoro la springi ni mzigo mkubwa sana kwa shingo ya mtu aliyeinama.

Shokapu ya gesi ni bomba la chuma lililozibwa kabisa. Ndani mna naitrojeni iliyoshindiliwa pamoja na mafuta kidogo. Ule ufito unaong'aa hupita kwenye raba ndogo inayozuia gesi isitoke. Ukiupaka grisi unakusanya vumbi na mchanga, mchanga unaukwangua, raba inalika, gesi inatoka. Kwa hiyo ufito unafutwa kwa kitambaa kikavu tu, basi. Usiushike kwa koleo, na usifunge kamba juu yake. Bomba lililokufa nalo lisitobolewe wala kutupwa motoni, maana presha iliyobaki inatosha kulifanya lilipuke.

Tatizo lako linaweza kuwa moja kati ya mawili. Kama kitanda kilianza kushuka siku ileile ulipoweka godoro jipya, shokapu zina afya ila uzito umezizidi. Kama kilikuwa kinalegea polepole hata kabla, au unaona mafuta kwenye ufito, au upande mmoja unapanda kabla ya mwingine, basi kuna shokapu iliyokwisha. Kwa vyovyote, badilisha zote mbili pamoja. Mpya moja na kuukuu moja husukuma kwa nguvu tofauti, fremu inapinda na bawaba zinang'oka.

Angalia ubavuni mwa bomba. Utaona maandishi kama 600N, 800N au 1000N. Hizo ni nyutoni, kipimo cha nguvu ya kusukuma. Nyutoni 10 zinakaribia nguvu ya kunyanyua kilo moja. Lakini usipime godoro ukagawa kwa mbili, kwa sababu shokapu imefungwa karibu na bawaba, na pale karibu mzigo ni mzito mara kadhaa kuliko pale miguuni unaposhika wewe. Njia ya uhakika ni kupanda ngazi moja kutoka namba iliyopo: zilikuwa 800N, jaribu 1000N. Ukiruka ngazi mbili kitanda hakitakubali kufungika, kitakuwa kinajifunua chenyewe. Unapokwenda dukani beba shokapu ya zamani, au vipimo vinne: urefu ikiwa imenyooka kutoka tundu hadi tundu, urefu ikiwa imebanwa, unene wa tundu la boliti, na hiyo namba ya N.

Kubadilisha ni kazi ya watu wawili. Toeni godoro kwanza kitanda kikiwa kimefungwa, mmoja akikandamiza fremu kwa mikono, kwa sababu bila godoro shokapu yenye nguvu huirusha juu, na wengi wamegongwa kidevu hapo. Iacheni fremu ipande polepole hadi mwisho. Kateni mbao mbili za inchi 2 kwa 3, muegemeze fremu pande zote mbili na kuzifunga kwa kamba zisiteleze. Hapo ndipo mnafungua nati, shokapu moja moja, upande wa pili ukibaki umefungwa. Usifungue nati kamwe kitanda kikiwa kimefungwa: shokapu imebanwa, ikiachiwa inaruka. Zikishaingia mpya, rudisheni godoro kabla ya kujaribu kufunga.

Na hata baada ya hapo tunakuomba umwambie fundi akutengenezee gongo la tegemeo. Ni mbao ya 2 kwa 2 yenye pengo la kukatwa juu, linalokaa kwenye fremu, na chini inaingia kwenye kikombe cha mbao kilichopigiliwa ndani ya sanduku. Lifunge kwa kamba fupi lisipotee. Kila ukifunua, gongo kwanza, mikono baadaye. Shokapu inasaidia kunyanyua, haikuumbwa kulinda uhai wa mtu. Kama unatumia chandarua, kifunge juu kabla ya kufunua. Pindo likinaswa kwenye bawaba utajikuta unaivuta fremu na kitambaa kwa wakati mmoja, na fremu ndiyo inayoshinda.

*Watoto wangu wanapenda kujificha ndani ya sanduku la kitanda. Nimewakataza lakini nikienda sokoni sijui wanafanya nini. Nitie kufuli?*
Mama wa watoto wawili, Kisauni, Mombasa

Tia komeo la kusukuma kwa mkono, dada, liwe upande wa juu wa fremu ambapo mdogo hafiki kwa urahisi, na kufuli dogo ukiwa hupo nyumbani. Usiweke kabisa kitasa kinachojifunga chenyewe fremu ikishuka. Mtoto aliye ndani hawezi kukifungua, na aliye nje akiogopa hukimbia.

Kisha mpe sanduku pumzi. Mwambie fundi atoboe matundu ya inchi 1 kwenye mbao za ubavuni, angalau sita kila upande, juu na chini, upande usiogusa ukuta na upande wa miguuni. Nguo zikisogea zinaweza kuziba matundu, ndiyo maana hayatoshi peke yake. Mazoea ya kuhesabu watoto kabla ya kushusha fremu ndiyo kinga kubwa, na wakubwa wao wafundishwe hivyohivyo. Vidole pia: fremu inaposhuka, sehemu hatari ni karibu na bawaba na kwenye mikono ya chuma inayokunjana. Shusha kwa kushika mpini wa katikati miguuni, si kwa kushika pembeni.

Kama hujanunua kingine bado, nyumba yenye watoto chini ya miaka minane au tisa inafaa kitanda cha droo.

*Nguo ninazoweka chini ya kitanda zinanuka ukungu, na mabegi ya ngozi yameota madoa meupe. Nyumba haivuji. Unyevu unatoka wapi?*
Msomaji, Tanga mjini

Unatoka sehemu tatu, na pwani zote tatu hukutana. Hewa yenyewe ina maji mengi, sakafu ya saruji hupitisha unyevu wa ardhini, na mtu anapolala jasho lake hushuka kupitia godoro. Kama chini ya godoro pana ubao mzima wa plaiwudi au MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizogandishwa kwa gundi) badala ya chaga, jasho hilo halina pa kwenda. Inua godoro asubuhi upapase upande wa chini, utakuta pana ubaridi na unyevunyevu. Dawa ni kubadilisha ubao uwe chaga zenye nafasi ya sentimita 5 hadi 7 kati yake. Ukizidisha hapo godoro la sponji litabonyea. Kama hutaki kubadilisha, toboa ubao matundu ya inchi 1 kila baada ya sentimita 20 hivi.

Sanduku lisikae moja kwa moja sakafuni. Liinue kwa vipande vya 2 kwa 2, kisha tandaza nailoni nzito chini ya ubao wa sakafu ya sanduku. Kitanda kisogeze kutoka ukutani, hata sentimita 5 zinatosha hewa kupita. Na nguo ziingie humo zikiwa kavu kabisa: jinzi na mataulo huonekana makavu kumbe mishono bado ina maji.

Kwa ukungu uliokwisha ingia, toa kila kitu juani. Mbao zifute kwa siki isiyochanganywa, uache saa moja, ufute tena kwa kitambaa cha maji, kisha acha kitanda wazi siku nzima, gongo la tegemeo likiwa mahali pake. Wengine hutumia dawa ya kung'arishia nguo nyeupe. Inafaa kwenye ukuta na vigae, lakini isikutane na siki hata kidogo, kwa kuwa zikichanganyika hutoa gesi ya klorini inayounguza mapafu, nawe ukiwa umeinama ndani ya sanduku. Ngozi ifute kwa kitambaa kikavu nje ya nyumba, iache kivulini, wala usiirudishe kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa.

Angalizo kwa wanaodeki kila siku: maji ya tambara hunyonywa na kingo za chini za MDF na chipubodi, ubao unavimba kama mkate uliolowa na haurudi. Paka kingo hizo rangi ya mafuta mara mbili kabla kitanda hakijaingia chumbani.

*Nakaa bedsita, chumba kimoja cha kila kitu. Kitanda changu kina droo moja ndefu ubavuni, na kila nikiivuta inakwama upande mmoja. Skrubu za reli nazo zimeanza kutoka kwenye chipubodi.*
Kijana, Githurai, Nairobi

Droo yako ni pana kuliko ilivyo na kina, hapo ndipo shida ilipo. Ukivuta upande mmoja inakwenda mshazari na kukaza. Leo hii, vuta kwa mikono miwili, mmoja kila mwisho. Baadaye mwambie fundi aikate ziwe droo mbili, kila moja yenye reli zake. Hakuna marekebisho mengine yatakayokupa raha kama hilo.

Skrubu zimetoka kwa sababu chipubodi ni chembe za mbao zilizogandishwa kwa gundi. Tundu likishalegea, skrubu nene zaidi inazidi kulipanua. Toa reli. Jaza tundu kwa njiti za mbao zilizochovywa gundi nyeupe ya mbao, zigonge ziingie kwa kubana, kata zilizozidi, na subiri saa 24. Kisha toboa tundu jembamba kabla ya kurudisha skrubu. Kama ubao umemeguka kabisa, pitisha boliti hadi upande wa pili na uweke wosha pana.

Angalia pia aina ya reli. Zile nyeupe zenye kigurudumu cha plastiki ni za mashati na shuka. Za gololi, pana kiasi cha milimita 45, ndizo za kubeba viatu na vitabu. Sufuria, mashine ya kusaga na makopo ya rangi visiingie kwenye droo ya chipubodi kwa vyovyote, sakafu yake ya ubao mwembamba itabonyea na kukwama chini.

*Kunguni wamejaa kwenye viungo vya kitanda changu chenye droo. Nimeambiwa nipake mafuta ya taa.*
Mwanachuo, Morogoro

Usipake. Mbao zinanyonya mafuta, chumba kinajaa mvuke, na mshumaa mmoja siku ya umeme kukatika unatosha kuchoma nyumba ya watu.

Vunja kitanda kipande kwa kipande. Chaga na mbao halisi zimwagie maji yanayochemka, hasa kwenye viungo na matundu ya skrubu, kisha zianike. Chipubodi haivumilii maji, hiyo piga brashi kavu kwenye kila ufa, nje ya nyumba. Nguo zote za kwenye droo ziloweke kwenye maji ya moto sana, zile zinazovumilia, na kuzianika. Nyufa na matundu yasiyotumika zibe kwa gundi iliyochanganywa na vumbi la mbao. Ukinunua dawa ya kupuliza, iwe ya ndani ya nyumba, si ya shambani, na droo zikauke kabisa kabla nguo hazijarudi. Mayai huanguliwa ndani ya siku 6 hadi 10, hivyo rudia kazi yote baada ya wiki mbili. Wanaokata tamaa wengi walifanya mara moja tu.

*Naweza kuhifadhi mtungi wa gesi ya akiba chini ya kitanda? Chumba ni kimoja.*
Msomaji, Tabata

Hapana. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatuama ndani ya sanduku ulilolalia. Mtungi ukae wima, penye hewa. Vivyo hivyo petroli, mafuta ya taa na dawa za wadudu. Simu na pawabanki zisichajiwe ndani ya droo, na waya wa ekstensheni usipite chini ya sanduku, fremu huutafuna kila inaposhuka.

*Nataka kuagiza kitanda kwa mafundi samani wa Keko. Chumba ni futi 10 kwa 10. Niseme nini kwa fundi?*
Bwana harusi mtarajiwa, Temeke

Kitanda cha 5 kwa 6 kikiegemea ukuta mmoja kinakuachia karibu futi 4 na nusu mbele yake. Droo ya futi 2 ikiwa wazi, nawe unahitaji futi 2 za kuchuchumaa. Inatosha, ila kabati lisiwekwe upande huo. Agiza droo mbili upande mmoja, reli za gololi, chaga za mbao halisi, sanduku liinuliwe inchi 4 kutoka sakafuni. Viungo vikuu viwe vya boliti na nati, visipigwe misumari, ili kitanda kipite mlangoni siku ya kuhama. Kabla ya kumaliza kulipa, mwombe afungue droo zote mbili mbele yako zikiwa na uzito ndani, hata matofali mawili kila moja, na uone kama zinarudi bila kusukumwa kwa goti. Baada ya mwezi wa kwanza kaza boliti zote kwa spana, kwa sababu mbao mpya hukauka na kusinyaa. Kisha kila baada ya miezi mitatu.