Dauicha wa majira ya baridi: usitangaze kabla hajalia

Mkuu, usitume hiyo ripoti. Umeandika kwamba umemwona dauicha (ndege wa matopeni, kwa Kiingereza dowitcher) wa kijivu kwenye matope ya pwani, mdomo "unaonekana mfupi", basi lazima awe mdomo-mfupi, Limnodromus griseus, ambaye Ulaya ni adimu kuliko mwenzake mdomo-mrefu. Ukauliza na teleskopu ya kununua. Teleskopu baadaye. Ripoti kama hiyo niliwahi kuituma mimi, karibu neno kwa neno.

Mdomo haukuambii kitu. Majike wana midomo mirefu kuliko madume kwa spishi zote mbili, kwa hiyo dume la mdomo-mrefu na jike la mdomo-mfupi wanaweza kulingana. Wataalamu wenyewe waliwahesabu spishi moja hadi miaka ya 1950. Wewe, na picha ya simu iliyopigwa kwenye ukungu, unapima nini?

Mimi nilimsikiliza mzee mmoja wa kundi letu la watazama ndege, mwenye teleskopu kubwa na subira ndogo. Aliangalia kidogo tu: "Mfupi huyo, andika." Nikaandika. Watu wakaendesha magari usiku kucha kuja kumwona, barabara zikiteleza barafu, wengine wamedanganya kazini kuwa wanaumwa. Asubuhi tumejipanga, vidole vimekufa ganzi, ndege anadona matope kimya. Akapita kipanga. Dauicha akaruka na kutoa "kiik!" moja, kali, nyembamba. Mdomo-mrefu mtupu! Mdomo-mfupi angesema "tu-tu-tu", laini na ya harakaharaka. Hakuna aliyenitukana, bora wangenitukana. Nikainama kama nafunga kamba za viatu, na nilikuwa nimevaa buti za mpira. Mzee je? Kageuka anatazama bata, na jioni akaandika kuwa alikuwa na "mashaka tangu mwanzo". Mashaka gani, mzee wangu? Uliyaweka wapi asubuhi? Tangu hapo hata nikiripoti kunguru naombwa picha.

Vuli kuna nafuu kidogo: kinda la mdomo-mfupi lina michirizi ya rangi ya chungwa ndani ya manyoya makubwa yanayofunika bawa lililokunjwa, la mdomo-mrefu yana ukingo mwembamba tu. Baridi ikishika, wengi wameshabadili manyoya, wote kijivu. Na usiniambie "lakini yuko maji chumvi, ndiko mdomo-mfupi anakopenda", wangu pia alikuwa pwani.

Sauti, mkuu. Sauti kwanza, jina baadaye. Usimrushe kwa makusudi, baridi hii kila tonge analitafuta kwa shida. Subiri maji yajae, ndege watahama wenyewe, na wakiruka ndipo hulia. Mdomo-mrefu hata akila hupayuka mara kwa mara, mwenzake akiwa chini huwa mkimya zaidi. Simu iwe inarekodi kabla hajaruka, siyo unaitafuta mfukoni na glavu mkononi. Ukiipata sauti ilete hapa tuisikilize. Picha za mdomo kaa nazo.