Chanjo ya kipindupindu: mwambie mtu ukweli kabla hajafungua mdomo

Februari 2023 nilikuwa Nairobi kwa dada yangu, nikapata kazi ya siku chache ya kuandika majina kwenye timu ya chanjo ya kipindupindu. Kaunti zilizotangulia zilikuwa nne: Nairobi, Garissa, Wajir na Tana River. Kwenye ploti moja, mama aliyekuwa akifua aliniuliza, "Sasa nikinywa hii, mambo ya tumbo yameisha?" Jua lilikuwa kali na foleni imefika getini. Nikamjibu, "Ukinywa hii umemaliza, mama."

Siku ya nne mtoto wake akaanza kuhara. Kuhara kwa kawaida tu, kesho yake alikuwa nje anacheza. Lakini ploti ilikuwa imeshaamua kwamba ni ile dawa. Tuliporudi kutafuta waliobaki, milango saba ilifungwa tukiwa bado tunapiga hodi.

Siku hizi niko nyumbani, Kano ya Kisumu, mhamasishaji wa afya ya jamii. Mwenzangu akiniuliza chanjo hii inaingizwaje kijijini, naanza na ile milango. Usimwambie mtu amemaliza. Mwambie inakinga kipindupindu peke yake; taifodi, minyoo na maziwa yaliyoharibika haiyagusi. Mwambie mwili unahitaji kama wiki moja kujiandaa. Mwambie pia wapo watakaokunywa na bado waugue. Watu wetu hawashtuki kwa hilo. Wameishi na mto Nyando miaka yote, wanajua tuta huzuia maji mengi, si yote.

Swali la dozi nalo litakuja. Kwa kawaida ni mbili, zikipishana angalau wiki mbili, na hapo kinga hukaa kama miaka 3. Lakini Oktoba 2022 dozi zilikuwa zimepungua duniani, ikaamuliwa kwamba penye mlipuko kila mtu apewe moja ili wengi wafikiwe. Moja inakubeba miezi michache, angalau sita. Kama mmeletewa moja, sema ni moja na ueleze kwa nini. Ukinyamaza, atakuja mjuaji wa sokoni aseme nyingine imeuzwa.

Baraza la chifu ni lazima, lakini mimi siliamini sana. Pale wanaume huuliza kuhusu mbolea na barabara, wanawake wananyamaza. Swali lenyewe utaliulizwa kwenye chama cha akina mama, au ukiwa umeinama kisimani: "Hii si ya kutufunga kizazi?" Usicheke. Mwaka 2014 maaskofu wa Katoliki walizua mjadala mkubwa kuhusu chanjo ya pepopunda, wakidai inafunga kizazi, na wanawake wale wale bado wanakumbuka. Mimi hujibu kwamba hii wanaume wanakunywa, wazee wanakunywa, mtoto aliyetimiza mwaka mmoja anakunywa, na hata mjamzito anaruhusiwa. Kisha naacha waulizane wenyewe.

Dani mmoja, yaani bibi mzee, jirani yangu, aliwahi kunikatiza: "Mwanangu, chanjo ni sindano. Hii ya mdomo ni chanjo gani?" Nikamkumbusha matone ya polio aliyowapeleka wajukuu wake kupata. Akafikiri. "Basi wewe utakunywa kwanza, tukuone." Ana haki. Nenda na mtu ambaye kijiji kinamwamini, anywe mbele za watu, na mumwonyeshe kila mtu kichupa: plastiki laini, ndani yake dawa mililita 1.5 tu, yenye weupe wa ukungu. Kitikise kwanza. Ladha yake ni mbaya, usidanganye watoto kwamba ni tamu. Uwe na maji safi ya kushushia.

Wanaume ndio wanaokosekana. Ukipita nyumba kwa nyumba saa nne asubuhi utawakuta akina mama na watoto, uandike takwimu nzuri, na mvuvi wa omena hajakuona. Yeye amevua usiku kucha kwa taa. Mfuate ufuoni alfajiri mashua zikiingia, kabla hajaenda kulala. Wa mashamba ya mpunga ya Ahero mpate kwenye mfereji anaponawa jioni, si kwake.

Na usifike mikono mitupu upande wa maji. Chanjo bila dawa ya kutibu maji na bila choo ni kazi nusu. Kazi hiyo ya usafi mimi huipeleka matangani, kwa sababu hapo ndipo nimeliona karai moja la kunawia likizungushwa kwa watu thelathini, wa mwisho akinawa tope. Sasa nasimama na jagi na sabuni, namwagia kila mmoja, hata wakininung'unikia kwamba nyama inapoa. Nafundisha pia maji ya kumwokoa anayehara wakati boda inatafutwa: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Hilo watu hulishika haraka kuliko hotuba yoyote.

Mkimaliza, hesabuni vichupa vitupu kabla ya kuondoka. Watoto huviokota wakavitumia kurushiana maji ya mtaro.