Maswali yenu: wazee na mazoezi, mlimani na visiwani

Nimemleta mama, miaka 74, kutoka Sengerema tukae naye Mabatini, jijini Mwanza, juu kwenye mawe. Kijijini alilima. Hapa anashinda kitini, na sasa kusimama ni shida.

Pole mwanangu. Mmemleta apumzike, na kwa siku moja mkamnyang'anya jembe, ndoo na ufagio. Uzeeni misuli ya mapaja ikikosa kazi hupungua upesi, na kuirudisha huchukua muda. Mrudishieni kazi: achague mchele, afagie kibaraza, apalilie mchicha kwenye viroba. Zile ngazi za mawe asishuke peke yake, hasa mvua ikinyesha.

Kila siku afanye hivi: kiti imara kiegemee ukuta, avute nyayo nyuma kidogo, ainamie mbele, asimame bila kujisukuma kwa mikono, kisha akae taratibu bila kujibwaga. Akishindwa, ashike meza kwanza. Mara 5, apumzike, arudie. Wewe simama kando yake.

Nina miaka 68, nalima muhogo Ukerewe. Nami nahitaji mazoezi?

Jembe linakutosha, mzee wangu. Shirika la Afya Duniani linashauri walio na miaka 65 na zaidi wapate angalau dakika 150 za shughuli za wastani kwa wiki, nawe bila shaka unazipita. Ongeza mazoezi ya kutopepesuka, siku 3 kwa wiki: tembea kando ya ukuta, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Wengi wenye nguvu za kulima huvunjika nyonga kwa kuteleza tu.

Nahudumia wazee kwenye makazi huku Misungwi. Wa viti vya magurudumu wafanye nini?

Mengi. Wanyooshe goti moja moja, wainue chupa ya maji ya nusu lita. Wengi wao ni Wasukuma: pigeni ngoma ya bugobogobo, mabega na mikono vicheze wakiwa wamekaa. Halafu, nakuomba sana, anayeweza kujivalisha shati mwache ajivalishe, hata akichukua robo saa. Najua zamu ni ndefu na mikono ni michache, lakini kila tunachomfanyia mzee anayekiweza, kesho hatakiweza.

Baba ana presha. Atembee?

Ikiwa imedhibitiwa, ndiyo, na asiinuke ghafla. Kifua kikibana, akipata kizunguzungu au pumzi ikikata, aache na mmpeleke hospitali mara moja.