Lebo za Sumaku za Ubao wa Pedali: Anza na Chuma, Maandishi Baadaye

Wiki iliyopita mpiga gitaa mmoja wa Bagamoyo aliniandikia: "Kaka, gundi gani inashika lebo kwenye kontrola? Zangu zinabanduka kila nikimaliza shoo." Amenunua kontrola ya miguu, boksi la sakafuni unalokanyaga kubadilisha sauti za gitaa, yenye swichi kumi, akaibandika selotepu ya karatasi na kuandika kwa maka peni. Nilimjibu kwa kifupi, lakini jibu lenyewe ni refu. Najua wengi mnaonisoma tuko njia moja: mnataka ubao wa pedali (pedali ni vile viboksi vya kubadilisha sauti ya gitaa) wa mtu anayeijua kazi yake, usiokuumbua taa zikiwaka.

Jibu ni hili: achana na gundi, tumia sumaku. Na ukishaamua sumaku, usikimbilie kuchapisha. Anza na chuma ambacho sumaku itakishika.

Mimi kazi zangu nyingi ni hapa Tanga, na Tanga mpiga gitaa hachagui muziki. Ijumaa uko harusini Chumbageni, watu wanataka rumba na sebene mpaka alfajiri. Jumamosi uko hotelini Raskazone, unapiga taratibu wageni wale chakula chao. Jumapili asubuhi kwaya inakusubiri. Kila kazi na mpangilio wake wa swichi. Swichi ya tatu iliyokuwa SEBENE Ijumaa, Jumapili inakuwa KORASI. Ukitumia gundi umejifunga. Ukitumia selotepu, kila wiki unabandua na kubandika, ulimbo unabaki kwenye boksi, vumbi linanasa, na kontrola uliyoinunua kwa kujinyima inaanza kuonekana kuukuu kabla ya wakati wake. Lebo ya sumaku unaiinua kwa ukucha, unaweka nyingine, unaendelea kufunga waya.

Kuna kiongozi wa bendi aliwahi kunisema mbele ya wenzangu kwa sababu ya lebo hizi. Alisema wazee wa bendi za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz walipiga hapa hapa Tanga bila kusoma sakafu, na anayehitaji kusoma sakafu hajafanya mazoezi. Watu walicheka. Sikumjibu siku ile, najibu leo. Wazee wale nawaheshimu kuliko yeye anavyodhani, na nyimbo zao nimezisikiliza mpaka nikajua kidole kipi kiko wapi. Lakini wao walichomeka gitaa kwenye amplifaya, kazi yote ikawa mikononi. Hawakupewa swichi kumi zenye benki juu ya benki, yaani seti za sauti zinazopokezana kwenye swichi zile zile, na mteja anayebadilisha orodha ya nyimbo saa mbili kabla ya shughuli. Leo mpiga solo wa bendi ile ile anatumia lebo nilizomkatia mimi. Kiongozi wake anaziona kila wikiendi. Sijasikia pole wala asante, na siwezi kusema halijaniuma.

Nimelieleza hilo ili ujue mapema: ukianza kupanga vitu vyako vizuri kuna watakaokusema. Wewe panga tu.

Sasa tuje kwenye chuma. Maboksi mengi ya pedali na mbao nyingi za kubebea pedali ni za alumini, na alumini haivutwi na sumaku. Zipo pia za plastiki, na hata aina nyingi za chuma kisichoshika kutu hazivutwi vizuri. Ndiyo maana watu wananunua lebo nzuri, wakifika nyumbani zinateleza na kuanguka, wanalaumu sumaku. Kabla hujatoa hela tafuta sumaku ya spika mbovu, kila fundi redio anazo chini ya meza. Iguse juu ya kontrola yako, pembeni, na katikati ya swichi na swichi. Isiposhika, utaiwekea chuma wewe mwenyewe.

Mimi natumia bati bapa la kutengenezea mifereji ya maji, geji 28, lenye unene chini kidogo ya nusu milimita. Vipande vinavyobaki kwenye karakana ya fundi bati vinatosha. Wengi hukata debe la mafuta, na kweli debe linashika sumaku, ila kwetu watu wa pwani lina tatizo. Chuma cha debe kimepakwa utando mwembamba sana, na pale unapokikata, ule ukingo mtupu unaanza kutu mara moja kwa hewa ya chumvi. Bati la mifereji limepakwa zinki. Zinki ina tabia ya kuliwa yenyewe kwanza kabla ya chuma kilicho jirani yake, kwa hiyo hata ukingo uliokatwa unapata kinga. Hakikisha tu si bati la alumini. Nenda na ile sumaku yako ya spika.

Nakata ukanda wenye upana wa sentimita mbili, urefu wa safu nzima ya swichi. Mkasi wa bati huacha ukingo umejikunja, na makali yake yanakata kidole bila wewe kusikia. Naulaza ukanda juu ya kipande cha mninga, nausawazisha kwa nyundo ya mpira taratibu kutoka katikati kwenda nje, kisha napitisha msasa kwenye makali na kuviringisha pembe zote nne. Halafu nafanya kitu ambacho sijakiona kwa mtu mwingine, na nakiringia. Nakunja ukingo wa mbele, ule unaoelekea kwenye vidole vya mguu, uinuke kama milimita moja. Lebo inakaa nyuma ya ukingo huo.

Sababu yake ni kiatu. Sumaku ukiivuta kwenda juu inakupinga kwa nguvu zake zote. Ukiisukuma kwa pembeni, kinachoizuia ni msuguano tu, na huo ni sehemu ndogo ya nguvu ile. Kiatu cha mpigaji hakivuti juu, kinasukuma pembeni, tena kikiwa na mchanga au soda iliyomwagika. Bila ukingo, lebo inahama kidogo kidogo mpaka DILEI (mwangwi) inasimama juu ya swichi ya OVADRAIVU (sauti ya kukwaruza). Kwa ukingo, kiatu kinakutana na ukingo kabla ya lebo.

Ukanda naupaka rangi nyembamba ya kupulizia, mkono mmoja, kisha naugandisha kwenye boksi kwa gundi ya epoksi, ile ya tyubu mbili. Safisha boksi kwa spiriti kwanza, likwaruze kidogo kwa msasa laini, na usiguse tena kwa vidole. Kama hutaki kuweka epoksi kwenye kontrola ya gharama, tumia gundi tepu nzito ya pande mbili, ile ya povu wanayobandikia nembo za magari. Hii ndiyo sehemu pekee ambapo gundi ina kazi, na inafanya kazi hiyo mara moja.

Raba ya sumaku yenyewe, ile ninayokatia lebo, ni unga wa feraiti (sumaku ya oksidi ya chuma) uliochanganywa na raba au plastiki, ikapigwa usumaku kwa mistari myembamba, kaskazini, kusini, kaskazini, kusini. Chukua vipande viwili, vigusanishe upande wa sumaku na uviburute taratibu, utasikia vinarukaruka chini ya kidole. Ndiyo mistari hiyo. Inaipa raba nguvu ya kushika ikiwa imelala kabisa juu ya chuma, lakini nguvu hiyo inakatika haraka mno ikitengana na chuma hata kwa nusu milimita. Kwa hiyo rangi nzito, selotepu ya zamani na vumbi vyote ni adui. Safi na bapa ndiyo kanuni.

Unene upo wa namna nyingi. Zile za 0.4 mm ni za kubandika friji, usizipe kazi ya jukwaani. Chukua 0.75 mm au 0.85 mm, unene wanaotumia kwenye alama za kubandika milangoni mwa magari. Kwa walio mbali na maduka yanayoiuza, fundi friji anaweza kukupa mpira wa mlango wa friji iliyokufa. Ndani yake kuna ukanda mrefu wa sumaku ya aina hii hii. Ni mwembamba kwa upana, ila kwa neno moja fupi unatosha.

Wapo wanaoniuliza kuhusu vile vidonge vya neodimi vinavyong'aa, sumaku ndogo zenye nguvu kubwa. Nguvu vinayo, tena nyingi. Lakini ngozi yake ikichubuka tu, hewa ya bahari inaingia, kidonge kinavimba kutu na kumeguka. Tena vya kawaida huanza kupoteza nguvu joto likipita nyuzi 80 za Selsiasi. Feraiti haishiki kutu. Kwa Tanga na Bagamoyo mimi sioni mjadala hapo.

Maandishi. Ofisi moja ya kuchapisha, siitaji, iliniuzia lebo kwa ahadi kwamba ni za kudumu. Zilikuwa za wino wa maji, karatasi juu, hakuna kinga yoyote. Unyevu wa usiku mmoja ufukweni ukazimaliza, kona zikainuka, wino ukasambaa. Nilipowarudia waliniambia nimezitumia vibaya, lebo si za kukanyagwa. Na niliwaeleza kazi yake kabla hawajachapisha! Tangu hapo sinunui maneno ya mtu, nanunua sampuli, naiweka kwenye kikombe cha maji ya chumvi usiku kucha, asubuhi naisugua kwa kidole gumba.

Inayofaulu ni stika ya vinili iliyochapishwa, juu yake ikapigwa laminesheni ya filamu, yote ikabandikwa juu ya raba ya sumaku na kukatwa pamoja. Hakuna karatasi ndani, kwa hiyo hakuna kinachokunywa maji pembeni. Ukilazimika kutumia karatasi, chapa kwa mashine ya leza, kwa sababu wino wake ni unga wa plastiki ulioyeyushwa kwa moto na hauchuruziki, na uache plastiki ya laminesheni izidi karatasi milimita tatu kila upande. Kona zote ziwe duara. Kona kali ndiyo inayonaswa na soli.

Rangi ina kisa chake. Maandishi mekundu juu ya nyeupe yanapendeza dukani, ila fundi taa akiwasha taa nyekundu yanapotea kabisa, maana nyeupe nayo inakuwa nyekundu. Buluu juu ya nyeusi chini ya taa hiyo hiyo, ni giza tupu. Mimi naenda na nyeusi juu ya njano au nyeupe juu ya nyeusi. Herufi zangu zina kimo cha milimita 8. Napima hivi: umbali wa jicho hadi sakafuni ukiwa umesimama, gawa kwa 200.

Na uandike kitu ambacho mguu unakihitaji. Usiandike jina la pedali, pedali unaijua. Andika SEBENE, SOLO, RITHIMU, UBETI, KIMYA. Ukiandika namba, fuata namba inayoonekana kwenye kioo cha kontrola yako. Midi, ambayo vifaa vya muziki vinawasiliana kwayo tangu 1983, inahesabu programu, yaani sauti zilizohifadhiwa, kuanzia 0 hadi 127, wakati vifaa vingi vinaonyesha 1 hadi 128. Kontrola ikisema 5 na pedali ikisema 4, lebo yako ifuate kontrola, na iwe hivyo hivyo kwenye benki zote.

Ndugu zangu wapiga gitaa, tunalalamika kwamba wateja hawatuthamini, lakini tunafika kazini na waya zilizofungwa ovyo na swichi zisizo na jina. Heshima ya kazi inaanza na vitu vidogo unavyovifanya kabla mtu hajafika ukumbini. Ukiwa na dakika za kupiga gumzo nyuma ya jukwaa, unazo dakika za kufuta lebo zako.

Na kufuta ni lazima. Baada ya kila shoo ziinue zote, futa lebo na ukanda kwa kitambaa kikavu. Maji ya chumvi yakibaki yamefungwa chini ya lebo, rangi inavimba na hata zinki haitakusaidia milele. Mpiga wa Bagamoyo anayepanda jukwaa la TaSUBa, chuo cha sanaa cha Bagamoyo, lililo jirani na bahari, au yeyote anayepiga ufukweni, azingatie zaidi. Pwani yetu, hasa huku kuanzia Tanga kushuka Pangani, ina mchanga mweusi mzito wenye chembe zinazovutwa na sumaku. Lebo ikianguka pale inaokotwa ina ndevu nyeusi, na ukiirudisha hivyo inakwaruza rangi na haishiki. Chembe hizo hazitoki kwa kupuliza. Gandamiza selotepu juu yake, bandua, rudia.

Zihifadhi zimelala bapa juu ya kipande cha bati ndani ya begi, mbali na kadi ya benki yenye ule ukanda mweusi. Kama pedali yako ya sauti au ya wa-wa (ile inayofanya gitaa lilie "wa-wa" ukiikanyaga) inatumia kihisi cha sumaku badala ya poteshiomita, kile kitasa cha umeme kinachozunguka, usiweke lebo jirani na bawaba yake.

Kwa kaka wa Bagamoyo: pima nafasi kutoka katikati ya swichi moja hadi katikati ya inayofuata, toa sentimita moja, huo ndio urefu wa juu kabisa wa lebo yako. Kata moja tu kwanza, iweke kwenye ukanda, uipige kwa kiatu unachopandia jukwaani mazoezi yote ya jioni. Ikibaki pale pale, kata zilizosalia.