Muuguzi bobezi ni nesi wa namna gani, na anasomaje mpaka afike huko?

Swali: Shikamoo dada. Mimi ni nesi wa diploma, niko wodi ya upasuaji huku Temeke, mwaka wa tano sasa. Kila semina nasikia wauguzi bobezi, wauguzi bobezi, wengine wanasema ni madaktari wasaidizi, wengine wanasema ni masista wenye masta tu. Hospitalini wanafanya kazi gani hasa, na mtu anasomaje? Kozi fupi haziwezi kutosha? Afu mume wangu anasema nikisoma sana nitaishia ofisini, na mimi napenda kuwa na wagonjwa.

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Umeuliza kitu ambacho hata wakubwa zetu kazini wanakichanganya. Mimi niko ICU, masta yangu ni ya uuguzi wa wagonjwa mahututi, kwa hiyo nakujibu kwa ninayoyaona kila shifti.

Bobezi siyo daktari msaidizi, na siyo nesi aliyekaa kazini miaka mingi, japo kukaa kunasaidia sana. ICN, ambalo ndo baraza la wauguzi wa dunia nzima, wanamweleza kuwa ni muuguzi aliyesajiliwa, akaongeza elimu mpaka akawa na ujuzi wa kufanya maamuzi magumu na kumhudumia mgonjwa kwa upana kuliko nesi wa kawaida, na wanashauri aanzie masta. Hapo shika neno maamuzi. Katheta wote tunaweka, dripu wote tunaweka, tofauti inaonekana mgonjwa anapobadilika saa nane usiku na wodi nzima mko wawili.

Ngoja nikusimulie. Kabla sijaenda kusoma nilikuwa wodi ya upasuaji kama wewe, hospitali moja hapahapa mjini, nikapokea mama wa kilo kama 60 aliyefanyiwa oparesheni ya utumbo siku tatu nyuma. Chati yake upande wa pumzi ilisoma 20, 20, 20, shifti tatu mfululizo, na wewe unajua maana yake, hakuna aliyehesabu. Presha 108 kwa 64, tukaona yuko sawa. Mapigo ya moyo asubuhi 104, usiku ule 118. Kwenye mfuko wa mkojo kulikuwa na mili 50 kwa saa nne, rangi ya chai ya rangi, hata kikombe cha kahawa cha pale kijiweni hakijai. Mimi namba zote niliziandika vizuri kabisa kwa mwandiko mzuri, afu chini nikaandika hali inaridhisha. Asubuhi alirudishwa thieta, mshono wa utumbo ulikuwa unavuja. Alipona namshukuru Mungu, lakini zile saa za usiku nazikumbuka mpaka leo.

Sasa pale kitandani muweke bobezi. Anashika saa, anahesabu pumzi dakika nzima anapata 28. Anajua kilo 60 tunategemea mkojo usiopungua mili 30 kwa saa, yaani kwa saa nne angepata 120, huyu kapata 50. Anashika tumbo anakuta limekaza. Na anajua kwa nini presha bado inaonekana nzuri, mwili unakaza mishipa na moyo unakimbia ili kuishikilia, kwa hiyo presha ikija kushuka ujue mgonjwa ameshapigana muda mrefu. Hapo anaweka oksijeni, anachukua damu ya maabara, anaanza maji kwa kufuata mwongozo wa wodi, anampigia daktari wa upasuaji na hamwambii "dokta mgonjwa hayuko vizuri", anamwambia nahisi mshono wa utumbo unavuja kwa sababu hii na hii na hii, naomba uje sasa hivi. Kesho yake anakaa na wenzake wa wodi anawaonyesha zile 20 tatu, bila kumdhalilisha mtu. Waingereza kazi hii wameigawa kwenye nguzo nne, kuhudumia mgonjwa, uongozi, kufundisha na utafiti, na mimi nakwambia ile ya kwanza ikitoka hizo tatu hazina pa kusimama.

Jambo lenyewe siyo geni. Marekani kozi ya kwanza ya manesi wanaotibu ilianza 1965 pale Chuo Kikuu cha Colorado, walioianzisha ni nesi Loretta Ford na daktari wa watoto Henry Silver, maana watoto wengi walikuwa hawafikiwi na madaktari. Leo kule wauguzi bobezi wana makundi manne, wanaotibu, wabobezi wa kliniki, wa dawa za usingizi na wakunga, na mambo ya kuandika dawa yanategemea sheria za kila jimbo.

Kwetu njia iko hivi, cheti miaka miwili, diploma mitatu, digrii minne na mwaka mmoja wa intani, masta miwili. Wewe una diploma kwa hiyo kituo chako kinachofuata ni digrii, hakirukwi. Pale MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili kule Upanga, kuna masta ya wagonjwa mahututi na majeruhi, ya afya ya akili, na ya ukunga na afya ya wanawake. Ukilinganisha vyuo popote tafuta masomo matatu, jinsi ugonjwa unavyoharibu mwili, kumpima mgonjwa kichwa mpaka kidole cha mguu, na dawa kwa undani, afu uliza masaa ya vitendo chini ya msimamizi ni mangapi. Wamarekani viwango vyao vya 2022 kwa nesi anayesomea kutibu vinataka yasipungue 750. Ndo maana kozi fupi haitoshi, ya kufufua mgonjwa ni nzuri na uifanye, ila inakupa ufundi mmoja tu.

Na masta peke yake haikupi ruhusa ya kuandika kila dawa. Unafanya kazi kwa leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga chini ya sheria ya 2010, pamoja na miongozo ya pale ulipoajiriwa, ukivuka hapo ukamdhuru mtu utasimama peke yako.

Mume wako usimkatalie moja kwa moja, hilo lilinikuta. Niliporudi na masta nilipewa stoo na ratiba za shifti, miezi inaenda sijagusa mgonjwa, inauma jamani. Nikaandika barua kwa metroni, yaani mkuu wa wauguzi, nikaeleza nimesomea nini na wagonjwa gani niwekwe nao, ya pili ndo ikajibiwa. Wewe fanya kabla ya kwenda chuo, kaa na metroni wako mkubaliane kwa maandishi ukirudi utakaa kitandani kwa nani, na hiyo karatasi mwonyeshe mume wako.

Usiku wa leo ukiingia shifti hesabu pumzi za kila mgonjwa dakika nzima. Ukipata amezidi 24, angalia mapigo na mkojo wake, shika tumbo, mpigie daktari ukiwa na namba zote mkononi.