Swali la lugha: kifafa, degedege na "ukuta" wa ubongo

Msomaji wa Newala anayeandaa vipeperushi vya afya ameandika: "Uwanja wa sumaku huathiri ukuta wa ubongo wakati wa kifafa." Mwenzake anataka liwekwe neno degedege. Anauliza yupi yuko sahihi.

Ndugu yangu, usikubali degedege. Kwa akina mama wa Newala hadi Kilwa, hilo ni jambo la mtoto mdogo: homa imepanda, mara nyingi kwa malaria, macho yamegeuka, mwili unakakamaa na kutetemeka. Lakini kifafa nacho kina maana mbili midomoni mwetu. "Ana kifafa" ni ugonjwa alio nao siku zote. "Ameanguka kifafa" ni tukio la dakika chache. Ndiyo maana wakunga husema kifafa cha mimba, ingawa mjamzito huyo huenda hana kabisa ugonjwa wa kifafa, na kilichomfikisha hapo kinaendana na shinikizo la damu la ujauzito. "Wakati wa kifafa" kwa hiyo haieleweki ni lini. Andika "anapoanguka kifafa", maana hapo ndipo shinikizo la damu hupanda ghafla na protini za damu zikaweza kupenya kwenye ubongo.

Zinapenya wapi? Hapa ndipo "ukuta wa ubongo" unapokwama, kwa sababu msomaji ataliwazia fuvu. Mwaka 1885 mtafiti Paul Ehrlich aliwadunga wanyama rangi kwenye damu; viungo vikashika rangi, ubongo ukabaki karibu vilevile. Mwaka 1913 mtafiti mwingine, Edwin Goldmann, akaitia rangi kwenye maji yanayouzunguka ubongo, na safari hii ubongo ukashika. Mpaka, basi, uko kati ya damu na ubongo, kwenye vimishipa vyembamba ambavyo seli zake zimebanana sana. Tumia "kizuizi cha damu na ubongo". Kizuizi ni neno zuri: kama kile cha maliasili barabarani, kinaruhusu vingine, oksijeni na sukari, na kuzuia vingine. Na kitenzi chake kiwe kuvuja au kulegea, kamwe si kupasuka.

Uwanja wa sumaku uache. Mtu wa Mtwara ukimtajia uwanja, mawazo yanakwenda uwanja wa mpira wa Nangwanda Sijaona. Vitabu vya fizikia vina "uga wa sumaku". Katika kipeperushi "nguvu ya sumaku" inatosha.

Ninachokuomba sana ni uondoe "huathiri". Kwa Kiswahili cha kila siku, kilichoathiriwa kimeharibika, kama korosho zilizoathiriwa na ugonjwa. Mama ambaye mwanawe ana kifafa na ameandikiwa kipimo cha MRI, cha kupiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku yenye nguvu sana, akisoma sentensi yako atamrudisha mtoto nyumbani. Kipimo hicho ndicho humsaidia daktari kuona kovu au uvimbe unaoweza kuwa chanzo cha kifafa. Sentensi yako, tena, imemficha aliyefanyiwa jaribio. Majaribio ya namna hii hufanywa kwa panya wa maabara, mtaje. Mimi ningeandika: "Watafiti wanachunguza kwa panya iwapo nguvu ya sumaku huongeza au hupunguza uvujaji wa kizuizi cha damu na ubongo, panya anapoanguka kifafa." Ni ndefu kuliko yako, lakini iache hivyo hivyo.