Ulevi katika mswada wa filamu ya ndoa: sehemu ya kati inayochosha na mwisho usioaminika

SWALI: Shikamoo mwalimu. Ninaandika mswada wa filamu ya dakika 100 kuhusu mhasibu wa hapa Morogoro ambaye ulevi unamharibia ndoa. Wenzangu waliousoma wanasema sehemu ya kati inachosha, kwa sababu mume analewa, anampiga mke, anaomba msamaha, kisha analewa tena. Wanasema pia kuwa mwisho hauaminiki: usiku mmoja mume anamwaga pombe yote kwenye sinki, asubuhi anaamka mzima, na jioni familia inakula pamoja. Nifanyeje na sehemu ya kati, na je, mwisho huo unaweza kurekebishika? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba. Wenzako wamekutendea wema, na kasoro mbili walizozitaja zina chanzo kimoja. Mswada wako unaifuata chupa, ilhali chupa haina safari. Mlevi wa sini (yaani onyesho) ya 12 na mlevi wa sini ya 40 wanafanya jambo lile lile, na mtazamaji akiliona mara ya tatu huwa ameshalielewa na anasubiri lipite. Kinachobadilika katika nyumba yenye mlevi ni nyumba yenyewe: nani anashika fedha, nani anasema uongo kwa niaba ya nani, nani anakaa macho hadi geti lifunguliwe, na mtoto gani amejifunza kutambua, kwa namna ufunguo unavyohangaika kwenye kitasa, kwamba leo ni siku ya kujifanya amelala.

Kuna andiko la zamani ambalo huwapa waandishi ninaowahariri, kwa kuwa linawasaidia kuliko vitabu vingi vya uandishi wa filamu. Mwaka 1954 mtafiti wa Marekani, Joan Jackson, alichapisha makala kuhusu namna familia inavyojirekebisha inapokabiliwa na ulevi, akitegemea maelezo ya wake wa walevi waliokuwa wakikutana katika kikundi chao huko Seattle. Alizipambanua hatua saba. Mwanzoni familia inakana kuwa kuna tatizo. Kisha inajaribu kulikomesha kwa kuficha chupa, kunyima fedha na kujitenga na jamaa ili siri isitoke nje. Halafu inavurugika, na mke anaanza kujitilia shaka yeye mwenyewe. Baada ya hapo mke anashika usukani na kumhesabu mumewe kama mtoto mmojawapo, tena mkaidi. Hatua ya tano ni kuondoka au kutengana, na ya sita ni mke na watoto kujipanga kama familia isiyo na mume. Ya saba huja ikiwa mume ataacha pombe, ambapo familia nzima inalazimika kupangwa upya ili apatiwe nafasi.

Usizichukue hatua hizo kama sheria, kwa sababu waliosimulia walikuwa wake peke yao, na familia nyingi huruka hatua au hurudi nyuma. Hata hivyo, zinakuonyesha mara moja ugonjwa wa mswada wako: kwa maelezo yako, unazunguka kati ya hatua ya pili na ya tatu kwa muda wa saa nzima, kisha unarukia nusu ya hatua ya saba. Hatua ya nne, ambayo kwa maoni yangu ndiyo yenye utajiri mkubwa kuliko zote, haimo kabisa.

Nikuonyeshe kwa tukio moja dogo namna ya kuijaza. Chukua simu ya kumwombea mume ruhusa kazini. Mara ya kwanza mke anampigia mkuu wa kitengo akiwa amesimama uani, sauti inamkwama, anasema mume ana malaria, na akikata simu mikono inamtetemeka kwa sababu hajazoea kusema uongo. Baada ya miezi kadhaa anapiga simu hiyo hiyo huku anapiga pasi sare za watoto, ameibana simu kwa bega, uongo unatiririka, tena anakumbuka kwamba mara iliyopita alisema malaria na hivyo leo anasema tumbo. Mara ya tatu simu inaita mke akiwa bafuni. Binti wa miaka tisa anaipokea na kusema, bila kutumwa na mtu, kwamba baba amekwenda hospitali kupima presha, kisha anarudi kwenye daftari lake la hesabu. Katika sini zote tatu hatujaona hata glasi moja, na mume anaweza kuwa amelala chumbani wakati wote. Lakini nyumba imehama kutoka hatua moja hadi nyingine, na mtazamaji ameshuhudia ulevi ukirithiwa na mtu asiyekunywa.

Fanya hivyo hivyo na fedha. Wewe una bahati kwamba mhusika wako ni mhasibu, yaani mtu anayeaminiwa kushika hesabu za wengine ilhali nyumbani kwake mke amebadilisha namba ya siri ya simu ya fedha na kumwachia nauli tu. Siku atakayoomba nauli mbele ya shemeji yake utakuwa na sini yenye aibu kuliko ugomvi wowote wa usiku.

Kuhusu kipigo, nakushauri ukipunguze hadi mara moja, na usikiruhusu kijifiche nyuma ya pombe. Filamu zetu nyingi humwonyesha mume akipiga kwa sababu amelewa na kusamehewa kwa sababu hiyo hiyo. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, katika kifungu cha 66, inasema wazi kwamba hakuna mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya viboko, na haikuweka msamaha kwa aliyelewa. Sheria hiyo inakupa zawadi nyingine ya kiuandishi: kwa kawaida mtu hawezi kufungua shauri la talaka mahakamani kabla mgogoro haujapelekwa kwenye Baraza la Usuluhishi la Ndoa. Fikiria chumba hicho, na wazee wa baraza wanaomfahamu mume kama mtu mpole aliyewahi kuwajazia fomu. Amevaa shati lililopigwa pasi na mke yule yule anayemlalamikia. Hiyo ndiyo hatua ya tano, na huhitaji kuibuni.

Kwa mfano wa filamu nzima iliyojengwa kwa namna hii, tazama Days of Wine and Roses ya mwaka 1962, iliyoongozwa na Blake Edwards kutokana na mswada wa JP Miller, ambaye aliiandika kwanza kama tamthilia ya televisheni mwaka 1958. Joe ni mtu wa uhusiano wa umma huko San Francisco, anakunywa kwa sababu kazi yake ni kuwafurahisha wateja. Kirsten ni katibu muhtasi asiyekunywa, anayependa chokoleti. Joe anamwagizia kinywaji cha brandi chenye ladha ya chokoleti, na kwa agizo hilo moja la kiungwana mlango umefunguliwa. Baadaye, wakiwa na mtoto mchanga, Joe anarudi nyumbani amelewa na kulalamika kwamba mkewe hanywi tena pamoja naye. Hapo Miller anagusa jambo ambalo mswada wako haujaligusa: katika ndoa hii pombe ni namna ya kuwa pamoja, na anayekataa glasi anaonekana kumkataa mwenzake.

Itazame kwa makini sini ya banda la mimea. Wawili hao wamekaa muda bila kunywa, wanafanya kazi kwenye bustani ya baba yake Kirsten, ndipo Joe anaingiza chupa kwa siri na wanalewa. Usiku, katikati ya mvua, anakwenda kutafuta chupa aliyoificha kwenye chungu cha maua, na kwa kuwa hakumbuki ni chungu kipi, anaviharibu kimoja baada ya kingine. Jack Lemmon, anayemwigiza Joe, anaicheza sini hiyo kwa nguvu ya kutisha, lakini inakaa moyoni hasa kwa sababu ya mwenye mimea, mzee aliyewapa hifadhi. Hasara inapomfikia mtu wa tatu ambaye tumeshampenda, huhitaji mhusika yeyote atoe hotuba kuhusu madhara ya pombe.

Sasa mwisho wako. Usiku wa kwenye sinki una tatizo la kitabibu kabla hata ya tatizo la kisanaa. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa miaka, akikata ghafla, kwa kawaida huanza kutetemeka, kutoka jasho na kukosa usingizi ndani ya saa 6 hadi 24. Degedege linaweza kumpata ndani ya siku mbili za mwanzo. Na kati ya siku ya pili na ya nne baadhi yao hupatwa na hali ya kuchanganyikiwa na kuona visivyokuwapo, ambayo isipotibiwa inaweza kuua. Ndiyo sababu walevi wengi huzimua asubuhi, si kwa starehe bali kuituliza mikono. Madaktari huitibu hali hiyo kwa dawa za jamii ya diazepamu, vitamini B1 na uangalizi wa karibu. Filamu inayomwonyesha mtu akijifungia chumbani na kutoka amepona inaweza kumponza mtazamaji atakayeiga, na hili nalisema kwa uzito kuliko ushauri wowote wa sanaa. Mpeleke mhusika wako hospitali, hata kama ni hadi Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili iliyoko Dodoma. Basi la Morogoro kwenda Dodoma, mke kiti cha dirishani na mume akitetemeka, lina drama ya kutosha.

Nakiri kwamba hata kazi kubwa zimeteleza hapa. The Lost Weekend ya Billy Wilder, iliyopata Oscar ya filamu bora ya mwaka 1945, inamhusu mwandishi mlevi, na inaonyesha bila huruma chupa iliyoning'inizwa nje ya dirisha kwa kamba na popo ambaye mlevi huyo anamwona katika njozi akimshambulia panya ukutani, kisha inamaliza kwa mhusika kutumbukiza sigara kwenye glasi ya wiski na kuazimia kuandika kitabu. Kwangu hiyo ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote katika filamu hiyo.

Rekebisho ninalokupendekezea ni kuisogeza siku ya kuacha pombe kutoka dakika ya 95 hadi karibu na dakika ya 60. Filamu ya When a Man Loves a Woman ya mwaka 1994, iliyoongozwa na Luis Mandoki, ilithubutu kufanya hivyo. Mlevi hapo ni mke, Alice, na mumewe Michael ni rubani mpole aliyezoea kumwokoa. Alice anarudi kutoka kwenye matibabu akiwa hanywi, na hapo ndipo ndoa inapopasuka, kwa sababu Michael amebaki bila kazi ya uokozi na mkewe ana watu wapya wanaomwelewa kuliko yeye. Filamu ina ulaini wa Hollywood, lakini muundo wake ni sahihi, na unalingana na hatua ya saba ya Jackson.

Kwa mhasibu wako, dakika 40 za mwisho ziwe za mtu asiyekunywa anayetaka vitu vyake virudishwe: namba ya siri, sauti ya mwisho kuhusu shule ya watoto, upande wake wa kitanda. Mke aliyeendesha nyumba peke yake kwa miaka ana haki ya kusita, na mume aliye mzima ana haki ya kuumia. Ugomvi huo una pande mbili za kweli, jambo ambalo ugomvi wa mlevi na aliye mzima haukuwa nalo. Chakula cha jioni kinaweza kubaki. Ila mume amuulize binti habari za shule, na binti amtazame kwanza mama kabla ya kujibu. Ukishaandika hivyo, kurasa za siku nne za kwanza bila pombe mpe daktari wa afya ya akili azisome kabla hujampa mwongozaji.